Google Analytics na vyeti vyake: nani anaweza kuhesabu wasomaji wa mtandaoni?

Soma ofa za kazi zinazobandikwa ku mlango wa mashirika, ao zile zinazozunguka mu magrupu ya WhatsApp. Kwanza wanaomba D6, G3 ao L2. Kiisha wanaomba Kifaransa, Word na Excel. Na kwa kazi za mawasiliano, chini kabisa ya karatasi, siku hizi wanaongeza kitu kingine: kujua kutumia Google Analytics ao chombo kinachofanana nayo. Kijana anapiga ile karatasi picha, anauliza rafiki yake: hiyo kitu wanaisomea wapi? Ni miaka mingapi? Ni dola ngapi?

Redio za jamii nazo zimeingia mu hiyo habari. Nyingi ziko na ukurasa wa intaneti na ukurasa wa Facebook. Mfadhili akileta karatasi ya ripoti, anauliza: watu wangapi walisoma? Wako wapi? Wanawake ni wangapi? Mara nyingi ni yule kijana wa tekniki ndiye anaambiwa ajaze namba, na anajaza ile anayoiona ku ekrani. Namba ikijazwa mubaya, redio inaweza kukosa pesa iliyostahili, ao kupewa pesa juu ya kitu ambacho hakikufanyika. Njia zote mbili zinaharibu jina.

Jibu fupi ni hili: masomo yako bure, cheti kinachojulikana zaidi kiko bure, na hakuna diploma inayoombwa ili kukipata. Lakini cheti peke yake hakionyeshi kama mtu anajua kazi. Tueleze polepole.

Hivi vyombo vinafanya nini?

Waza mtu aliyekaa ku mlango wa duka na daftari. Kila mteja anapoingia, anaandika: saa gani, ametokea njia gani, ameangalia kitu gani, amekaa dakika ngapi. Hamuulizi jina. Magaribi anafanya jumla. Google Analytics, Matomo na vyombo vingine vya namna hiyo ndio huyo mtu wa daftari. Mwenye ukurasa anaweka mistari michache ya programu ndani ya kurasa zake. Simu ya msomaji ikifungua ukurasa, ile mistari inatuma habari ku seva: aina ya simu, lugha yake, ukurasa uliofunguliwa, na mahali palipotoka kiungo. Kwa kawaida inaacha pia alama ndogo ndani ya simu, ile wanayoiita kuki, ili kesho ijue kama ni simu ileile imerudi.

Google Analytics ilianza mwaka 2005, kisha Google kununua kampuni iliyoitwa Urchin. Iko bure kwa watu wengi, ndiyo maana ilienea dunia nzima. Matomo ilianza mwaka 2007 kwa jina la Piwik, ikabadilisha jina mwaka 2018. Programu yake iko wazi: ukiwa na seva yako unaweza kuiweka bila kulipa, na habari zote zinabaki kwako. Facebook na YouTube nazo ziko na mahesabu yao ya ndani, ambayo mwenye ukurasa anayaona bila kuweka kitu chochote.

Maneno manne yanayochanganya watu

Kabla ya kutafuta cheti, kuna maneno manne ya kushika: mtumiaji, ziara, ukurasa uliotazamwa, na tukio. Watu wengi wanayachanganya, na hapo ndipo ripoti nyingi zinaharibika.

Tuseme mama mmoja wa Bukavu anafungua makala yetu asubuhi ku simu yake. Anaimaliza, anafungua ingine ya pili. Anaweka simu, anaenda sokoni. Saa sita anarudi, anafungua ukurasa mmoja. Magaribi, akiwa ku kompyuta ya kazi, anafungua ukurasa mmoja tena. Daftari litaandika nini? Kurasa 4 zilizotazamwa. Ziara 3, sababu Google Analytics kwa kawaida inafunga ziara kama dakika 30 zimepita bila mtu kufanya kitu. Na watumiaji 2, sababu simu ni kimoja na kompyuta ni kingine. Lakini mtu wa kweli ni mmoja tu.

Sasa geuza. Nyumba iko na simu moja kubwa, inapita kwa mikono ya watu watano, na wote wanasoma makala ileile. Daftari litaandika mtumiaji mmoja.

Kwa hiyo "mtumiaji" mu hivi vyombo hapana mtu. Ni kifaa, ao tuseme vizuri zaidi, ni programu ya kufungua intaneti ndani ya kifaa. Neno la ine, tukio, ni kitendo chochote kinachohesabiwa: kubonyeza kiungo, kushuka mpaka chini ya ukurasa, kuanza kusikiliza sauti. Mtu akikuambia "tulipata watu 4,000", uliza kwanza: ni watumiaji, ni ziara, ao ni kurasa?

Cheti gani kiko?

Kinachojulikana zaidi ni kile cha Google chenyewe. Kinapatikana ku Skillshop, mahali pa masomo pa kampuni ya Google mu intaneti. Unahitaji akaunti ya Gmail tu. Masomo yako bure, mtihani uko bure, na Kifaransa kiko. Mtihani uko na maswali 50, unapewa dakika 75, na unapita ukipata 80 kwa mia, ni kusema majibu 40 ya kweli. Ukianguka, unaweza kurudilia bila kulipa. Ukipita, cheti kinadumu miezi 12. Kiisha unafanya tena mtihani.

Kampuni ya Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, nayo iko na mahali pa masomo panapoitwa Blueprint. Masomo mengi hapo yako bure, lakini mitihani ya cheti inalipishwa. Adobe iko na chombo chake cha kuhesabu na cheti chake, lakini hicho ni cha makampuni makubwa. Kwa redio ya hapa kwetu hakina kazi. Tena mitihani ya kulipia inaomba kadi ya banki inayokubaliwa mu intaneti, na vijana wengi hawana. Matomo iko na maelezo na masomo yake, na yule anayejua kuiweka ku seva ana ufundi ambao ni wachache wanao.

Kwa hiyo mtu anayeanza hana haja ya kuzunguka sana. Aanze na Skillshop. Baadaye, kazi ikimuomba, ataongeza Matomo ao Meta.

Juu ya nini cheti kinaisha kwa mwaka mmoja?

Watu wengine wanasema ni ujanja wa kampuni. Lakini kuna sababu: chombo chenyewe kinabadilika. Mwaka 2020 Google ilitoa Google Analytics 4. Ile ya zamani, Universal Analytics, ilisimama kuhesabu tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2023. Yule aliyejifunza mwaka 2018 na hakurudi kusoma alikuta menyu zimehama, majina yamegeuka, na mahesabu mengine hayana maana ileile.

Tutoe mfano mmoja. Mu ile ya zamani, mtu aliyefungua ukurasa mmoja na kutoka alihesabiwa kama amekuja na kuruka, hata kama alisoma dakika nane mpaka mwisho. Mu Google Analytics 4, ziara inahesabiwa kuwa nzuri kama imepita sekunde 10, ao kama msomaji amefungua kurasa mbili, ao kama amefanya tukio ambalo mwenye ukurasa aliliweka kuwa la maana. Ni hesabu mbili tofauti kabisa. Mtu akichukua namba ya 2022 na kuilinganisha na ya 2024 bila kujua hiyo, atasema wasomaji wamekuwa wazuri ghafla, kumbe ni kipimo kimebadilishwa.

Kwa hiyo ukiona ku sivii ya mtu cheti cha Google Analytics, angalia tarehe. Cheti cha mwaka 2019 kinaonyesha mtu alikuwa na bidii. Hakionyeshi kama anajua chombo cha leo.

Diploma gani inaombwa?

Hakuna. Google haiulizi kama una D6. Lakini kuna vitu vitatu ambavyo bila hivyo utateseka.

Cha kwanza ni kusoma Kifaransa ao Kiingereza bila kuruka maneno. Maswali ya mtihani yako na mitego midogo, na neno moja linageuza jibu.

Cha pili ni hesabu ya mia kwa mia na wastani. Hii ni hesabu ya shule ya msingi, lakini wengi wameisahau. Tuseme redio moja ilikuwa na ziara 400 mwezi wa kwanza, mwezi wa pili 600. Imepanda 50 kwa mia. Redio ingine ilikuwa na 4,000, ikafika 5,000. Imepanda 25 kwa mia. Nani amefanya vizuri? Ya kwanza imepanda mbio zaidi, lakini imeongeza 200 tu. Ya pili imeongeza 1,000. Majibu yote mawili ni ya kweli, na mjanja anachagua linalompendeza. Tena tuseme mu zile ziara 600, 350 zilikuja mu siku mbili juu ya makala moja ya bei ya mafuta. Ukizitoa, zinabaki 250. Ni kusema kazi ya kila siku ya ile redio imeshuka, hapana kupanda. Ekrani haikuambii hiyo. Ni wewe unaitafuta.

Cha tatu ni Excel, ao programu yoyote ya kupanga namba mu meza. Namba za kila mwezi zitolewe, ziwekwe pamoja, zilinganishwe. Juu ya kitu hiki, wale waliosoma informatiki na usimamizi, kama mu ISIG ya Goma na vyuo vingine vya namna hiyo, wako na mwanzo mzuri. Lakini mwandishi wa habari wa D6 mwenye subira anaweza kuwafikia. Kuna hata kitu anachowapita: yeye anajua juu ya nini watu walisoma makala siku ile.

Mambo ambayo cheti hakifundishi

Masomo ya Skillshop yametengenezwa kwa mtu mwenye duka mu intaneti. Mifano yake ni ya kununua na kuuza. Hakuna ukurasa unaosema juu ya Kivu, Ituri ao Tanganyika. Hapa ndipo mtu wa kwetu anapaswa kuongeza akili yake.

Mipaka kwanza. Hivi vyombo vinajua inchi ya msomaji kupitia anwani ambayo kampuni ya simu inampa. Watu wengi wanaoishi karibu na mpaka wako na kadi mbili za simu. Mtu wa Goma akitumia kadi ya Rwanda, daftari linaandika Rwanda. Wa Uvira akitumia kadi ya Burundi, linaandika Burundi. Wa Kasindi mwenye kadi ya Uganda anaandikwa Uganda. Tuseme ripoti inatoka, inasema sehemu kubwa ya wasomaji wa redio ya Congo iko inchi jirani. Mfadhili anaweza kuuliza: sasa tunawasaidia nani? Na mu siku hizi za vita na mashaka, raia anaweza kuisoma vibaya zaidi. Kumbe wasomaji ni walewale wa mtaa. Yule anayeandika ripoti anapaswa kuweka mstari mmoja wa kueleza hiyo, pale pale chini ya namba.

Miji nayo inadanganya. Anwani ya kampuni ya simu inaweza kuonekana imetokea Kinshasa wakati msomaji amekaa Baraka. Na anayetumia VPN anaweza kuonekana yuko Ulaya. Lakini usikimbie kufuta Ubelgiji ao Canada yote: ndugu zetu walio kule wanasoma kweli.

WhatsApp ni shida ingine. Kwetu habari inatembea mu magrupu. Mtu anabonyeza kiungo ndani ya grupu, na mara nyingi chombo hakioni ametoka wapi. Kinamweka mu sanduku la "moja kwa moja", kama vile ameandika anwani kwa vidole vyake. Ukiona sanduku hilo limejaa, usiseme watu wanajua anwani yetu kwa kichwa. Kuna dawa: kabla ya kutuma kiungo, unakiongezea mkia mdogo unaosema kimetumwa wapi, kama utm_source=whatsapp. Google iko na ukurasa wa bure wa kutengeneza hiyo mikia. Ukifanya hivyo kila siku, kisha mwezi mmoja utajua WhatsApp inaleta wasomaji wangapi, na Facebook wangapi.

Saa nayo. Congo iko na saa mbili: ya Kinshasa na ya Lubumbashi, na mashariki yote inafuata ya Lubumbashi. Akaunti ikiwekwa ku saa ya Kinshasa, msomaji wa Bukavu anayefungua habari saa moja ya asubuhi ataandikwa saa kumi na mbili. Kama redio inataka kupanga saa ya kutuma habari, itakosea saa moja nzima kila siku. Ni kitu cha kusahihisha dakika mbili tu mu mipangilio.

Kuna tena siku ambazo namba zinashuka bila kosa la mtu. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, siku moja kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa mu inchi, na ilirudi karibu wiki tatu baadaye. Ukiangalia mstari wa wasomaji wa wakati ule, unaanguka kama jiwe. Mgeni akiuona, atasema watu walichoka na ile redio. Ndiyo maana mtu wa namba anapaswa kuwa na daftari la pembeni, anaandika: leo umeme ulikatika siku nzima, leo kampuni moja ya simu ilikuwa na shida, leo kulikuwa vita barabarani. Kisha miezi sita hakuna atakayekumbuka.

Na wanawake ni wangapi? Hapa tuseme kweli. Google Analytics haimuoni mtu uso. Inakisia umri na jinsia kutokana na habari ambazo Google iko nazo juu ya watu walioingia na akaunti zao na kukubali. Kama wasomaji ni wachache, inaficha hiyo namba ili mtu asitambulikane. Kwa redio ndogo, mara nyingi hutaona kitu. Usijaze kwa kukisia. Andika kwamba chombo hakikutoa, na kama mfadhili anataka kujua, fanya maulizo ya kweli kwa watu.

La mwisho: hakuna chombo hata kimoja cha namna hii kinachohesabu yule anayesikiliza FM. Baba anayelima na redio ndogo ku mfuko wa koti hayuko ku ekrani. Redio inayojipima kwa intaneti peke yake itaanza kutengeneza vipindi vya watu wenye simu kubwa, na kuwasahau wengine.

Sheria na usalama wa msomaji

Ku 13 mwezi wa 3 mwaka 2023, Congo ilipata sheria ya mambo ya dijitali, ile inayoitwa Code du numérique. Iko na sehemu juu ya kulinda habari za mtu binafsi. Ni kusema kuhesabu wasomaji hapana mchezo wa tekniki tu. Mwenye ukurasa anajibu juu ya kile anachokusanya.

Ulaya ilishapita mu hiyo njia. Mwezi wa 2 mwaka 2022, CNIL, ofisi ya Ufaransa inayolinda habari za watu, ilisema namna ukurasa mmoja ulivyotumia Google Analytics ilivunja sheria, sababu habari za wasomaji zilipelekwa Marekani bila ulinzi wa kutosha. Mwaka 2023 Ulaya na Marekani walifanya mapatano mapya, mambo yakatulia kidogo. Lakini swali linabaki zuri kwetu pia: habari za wasomaji wetu ziko wapi, na nani anaziona? Ni mu kelele hizo Matomo ilipata wapenzi wengi, sababu kila kitu kinabaki ku seva yako.

Kwa redio ya mahali penye vita, kanuni ni rahisi. Usikusanye kile usichohitaji. Usitume jina, namba ya simu ao anwani ya barua ya msomaji ndani ya chombo cha kuhesabu. Google yenyewe inakataza. Akaunti iwe ya redio, hapana ya mtu mmoja. Waliopewa ruhusa ya kuifungua wajulikane, na yule anayeacha kazi aondolewe siku ileile. Habari ya nani alisoma nini inaweza kumtia mtu hatarini mu mkono mubaya.

Usiuziwe kile kilicho bure

Sababu neno linatafutwa, wauzaji nao hawakosekani. Mwalimu anayekaa na vijana siku tano, anawapa kompyuta, koneksio na mazoezi, anaweza kuomba pesa; ni kazi yake. Lakini anayesema "lipa, nitakupatia cheti cha Google" anauza kitu ambacho Google haiuzi. Muulize maswali mawili: mtihani nitaufanya mwenyewe na Gmail yangu? Cheti kitakuwa na kiungo cha kuonyesha ni cha kweli na siku kitakapoisha? Akisita, shika pesa yako.

Kuna tena wale wanaouza wasomaji: dola kidogo, ziara 10,000. Hizo ni roboti. Zinafungua ukurasa, zinatoka, hazisomi. Mtu aliyejifunza vizuri atazitambua haraka: zote zimekuja saa moja, zote zimetoka mahali pamoja, hakuna iliyokaa. Mfadhili naye anaweza kuzitambua.

Wiki sita za kuanza

Wiki ya kwanza na ya pili: soma masomo ya Skillshop, saa moja kwa siku. Simu inatosha kwa kusoma, lakini kwa mazoezi kompyuta ni bora. Kama huna, wenzenu watatu mukodishe saa mu siber pamoja.

Wiki ya tatu na ya ine: ingia mu akaunti ya mazoezi ambayo Google inaifungulia kila mtu mwenye Gmail. Iko na namba za kweli za duka la Google. Huwezi kuharibu kitu. Jiwekee maswali: mwezi uliopita, inchi gani ilileta ziara nyingi? Ni simu ao kompyuta? Ukurasa gani watu walikaa zaidi? Jibu kila swali kwa sentensi moja, kwa Kiswahili cha kawaida. Usiposhika sentensi, bado hujashika namba.

Wiki ya tano: tafuta ukurasa wa kweli. Parokia, shule, shirika la mtaa, redio. Omba kuwaandalia ripoti ya ukurasa mmoja, bure. Kama wao wametia Google Analytics 4, angalia kitu kimoja haraka: habari za undani zinawekwa miezi 2 tu kama mtu hakugeuza mpangilio. Unaweza kupandisha mpaka 14. Wengi wanakuja kugundua hiyo wakati mwaka umeisha na hawawezi tena kuchimba ndani ya namba zao.

Wiki ya sita: fanya mtihani. Utakuwa na cheti, na utakuwa na ripoti moja ya kweli ya kuonyesha. Mtihani unafanyika nyumbani bila mtu wa kukuangalia, na wakubwa wa kazi wanaojua kitu wanaijua hiyo. Ndiyo maana ripoti itazungumza kuliko cheti.

Kwa mkubwa wa redio anayetafuta mtu

Usiishie ku cheti. Mpe mtu ekrani ya namba za mwezi mmoja na dakika ishirini, kiisha umuulize. Watumiaji na ziara vinatofautiana namna gani? Juu ya nini inchi jirani iko juu sana? Siku hii namba ilishuka. Utatafuta sababu wapi? Kwa nini huwezi kujumlisha watu wa Facebook na wa ukurasa wetu na kusema ndiyo jumla ya wasomaji? Jibu la hilo la mwisho ni rahisi: mtu mmoja anaweza kuwa pande zote mbili, na kila kampuni inahesabu kwa namna yake. Na swali la tano: namba gani utakataa kuiweka mu ripoti, hata nikikuomba?

Anayejibu hilo la tano bila kuogopa, mupe mafasi, hata kama cheti chake atakifanya mwezi ujao.